Mwongozo kamili: kuendesha taasisi wakati mambo yamevurugika na mipango haishiki

Kila mambo yakichafuka naona watu wanafanya kitu kilekile. Soko linageuka, wafadhili wanakata hela, sheria inabadilika katikati ya mwaka, basi viongozi wanajifungia siku tatu wanaandika mpango mwingine mrefu kuliko ule uliokufa. Miezi miwili baadaye mpango uko kwenye droo na watu wanazima moto kama kawaida.

Alafu kuna kundi la pili, wale waliosikia habari za nadharia ya vurugu na mifumo tata (yani sayansi ya mambo ambayo badiliko dogo la mwanzo linaweza kuleta matokeo makubwa yasiyotabirika), wakaambiwa acheni kupanga, fanyeni majaribio tu, wakaanza kujaribu kila kitu mpaka malipo ya mishahara, nao wakaanguka kwa upande wa pili. Hawa ndio wananiuma zaidi, kwa sababu nia walikuwa nayo na walikuwa wamekaribia kabisa.

Kwenye vurugu kutabiri vizuri zaidi hakukusaidii sana. Kinachokusaidia ni kufupisha muda kati ya jambo kutokea na mtu mwenye uwezo kulishughulikia. Kila hatua hapa chini inaenda huko, kwahiyo ukijikuta unafanya hatua ambayo inaongeza huo muda, simama, umekosea mahali.

Mwongozo unafaa kampuni, shirika, shule, hospitali, ushirika, chochote chenye watu wanaotegemeana. Kama mko watu mia na zaidi anza na idara moja, msianze na taasisi nzima.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye kalkuleta, moja kwa kila mtu.
- Ukuta au ubao mkubwa, karatasi ndogo za rangi tatu, kalamu nene.
- Watu 5 mpaka 8. Angalau wawili wawe wale wanaokutana na mteja au mwananchi uso kwa uso kila siku: mapokezi, dereva, muuguzi wa zamu, mtu wa dirishani. Ukijaza mameneja watupu hili zoezi limekufa kabla halijaanza.
- Kumbukumbu za miezi 3 hadi 6 iliyopita: malalamiko, oda, vitu vilivyoharibika, siku mlizochelewa. Zikiwa chafu chafu hamna shida.
- Pesa kidogo ambayo ikipotea yote hakuna mtu atakosa usingizi. Kiasi chenyewe mnakijua nyie.
- Ruhusa ya bosi kwa maandishi, kwamba mtu akifunga jaribio lililoshindwa hataandikiwa barua ya onyo. Kwa mdomo haitoshi, nitaeleza kwenye hatua ya 5.
- Saa moja kila wiki, siku ileile, kwa wiki 12.

## Hatua ya 1: Fanyeni hesabu ya kalkuleta (dakika 15)

Wengi wanairuka hii wanaona ni ya watoto. Naomba msiiruke.

Kila mtu achukue namba 0.4. Itoe kwenye 1, inabaki 0.6. Zidisha 0.4 kwa 0.6, alafu zidisha kwa 4. Unapata 0.96. Hiyo ndio namba yako mpya, rudia nayo vilevile: 0.96 mara 0.04 mara 4, unapata 0.1536. Endeleeni hivyo mara 10, na msikate desimali.

Sasa nusu ya kundi waanze na 0.401 badala ya 0.4. Tofauti ya moja kwenye elfu, yani kitu ambacho kwenye ripoti yoyote mngekizungusha kikapotea.

Mkifika mara ya 4 linganisheni. Kundi la kwanza lina 0.998, la pili 0.999, kila mtu anasema mbona ziko sawa. Endeleeni. Mara ya 9 wa kwanza wana 0.919 na wa pili 0.474. Mara ya 10 wa kwanza 0.298, wa pili 0.997. Hazifanani hata kwa mbali, na hakuna aliyekosea hesabu, na hakuna bahati nasibu iliyoingia humo ndani.

Hichohicho ndicho kilimkuta Edward Lorenz mwaka 1961 akiwa anafanya hesabu za hali ya hewa kwenye kompyuta, aliingiza 0.506 badala ya 0.506127 ili aokoe muda, akarudi akakuta hali ya hewa tofauti kabisa.

Bado hamjamaliza. Rudieni zote mbili lakini mahali pa 4 wekeni 2.5. Ile ya 0.4 inatua kwenye 0.6 hapohapo mara ya kwanza. Ile ya 0.401 inatoa 0.6005, inashuka 0.5998, inazidi kusogea, inatulia kwenye 0.6 nayo. Kosa la mwanzo limekufa lenyewe.

Kwanini hatua hii: hesabu ni ileile, kilichobadilika ni namba moja ya kuzidishia. Kwenye 2.5 kosa dogo linajifuta, kwenye 4 linakua mpaka linameza kila kitu. Taasisi yako ina sehemu ziko 2.5 na sehemu ziko 4, kwa wakati mmoja, ndani ya jengo moja. Mtu ambaye hajaiona hii kwa vidole vyake atakubali kwa mdomo, alafu wiki ijayo ataomba utabiri bora zaidi wa miaka mitano.

Angalizo: msitoke hapo mkisema "basi hakuna kinachotabirika". Angalieni tena namba zenu, mara nne za kwanza zilikuwa karibu sawa. Muda mfupi unatabirika hata kwenye vurugu. Muda mrefu ndio hautabiriki, na huo ndio mpaka wa kupanga.

Mmefaulu kama: watu wanaanza wenyewe kuulizana "hivi sisi hapa kwetu tupo 4 au 2.5?"

## Hatua ya 2: Gaweni kazi zenu kwenye mafungu matatu

Kila mtu aandike kazi zinazofanyika pale, kazi moja karatasi moja. Kulipa mishahara, kuajiri, kununua malighafi, kujibu malalamiko, kutafuta wateja wapya, yote. Alafu mzibandike ukutani kwenye mafungu haya.

Fungu la tulivu. Ukifanya kitu kilekile unapata jibu lilelile. Mishahara, kodi, usalama wa mitambo, utunzaji wa dawa, nakala za data. Humu ndani mnataka utaratibu ulioandikwa na watu wanaoufuata. Majaribio marufuku.

Fungu la tata. Sababu mnaiona baada ya jambo kutokea, na mkirudia mlichofanya mwaka jana matokeo yanakuja mengine. Mahitaji ya wateja, morali ya wafanyakazi, bidhaa mpya, mahusiano na washirika. Humu mpango mrefu hausaidii, humu ndio majaribio yanaishi.

Fungu la moto. Linaungua sasa hivi, hakuna muda wa kujaribu wala kuchambua. Hili lina hatua yake kule chini.

Mtabishana, na ubishani ndio faida ya zoezi. Mkiona karatasi moja watu wawili wanaivutia mafungu tofauti, waulizeni wote wawili wataje mara ya mwisho ilivyofanyika, tarehe na matokeo. Mara nyingi inagundulika ni kazi mbili zilizobeba jina moja. "Manunuzi" kwa mfano: kununua karatasi za ofisi ni tulivu, kununua malighafi ambayo bei yake inaruka kila wiki ni tata, zikitengwa ubishi unaisha.

Angalizo kubwa: mameneja hupenda kusukuma kila kitu fungu la tulivu kwa sababu ndiko walikofundishwa, na vijana wenye moto hupenda kusukuma kila kitu fungu la tata. Ukuta ukijaa upande mmoja hamjamaliza.

Mmefaulu kama: mfanyakazi yeyote anaweza kusimama mbele ya ukuta akasema kazi yake ya kesho asubuhi iko fungu gani na kwanini.

## Hatua ya 3: Fuateni jambo moja kwa tarehe zake, mjue mnachelewa wapi

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo ugonjwa wenyewe ulipo.

Chukueni jambo moja la kweli lililotokea kwenye fungu la tata. Lalamiko moja, oda moja, kosa moja. Moja tu. Andikeni kila mkono lilipopita na tarehe.

Niliwahi kulifanya hili na taasisi moja, tukachukua barua moja ya mteja tukaifuata kwa mihuri yake. Ilipokelewa Jumatatu. Ikalala masjala siku nne kwa sababu aliyekuwa pale alikuwa anasubiri barua zifike kumi ndio apande nazo ghorofani kwa mkupuo, kitu ambacho hakuna aliyemwagiza na hakuna aliyejua. Ikaenda kwa mkuu wa kitengo, yuko safari. Akarudi, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "tafadhali shughulikia", ikapelekwa kitengo ambacho sicho. Siku ya 19 ikamfikia fundi aliyekuwa na uwezo wa kulimaliza tatizo. Akalimaliza kwa dakika 20. Tuliposoma hizo nambari mbili kwa sauti, siku 19 na dakika 20, chumba kizima kilinyamaza.

Kwanini ucheleweshaji ni hatari kuliko uvivu: kuna mchezo wa mafunzo unaitwa mchezo wa bia, ulianzia chuo cha MIT kule Marekani miaka ya 1960. Wachezaji wanne wamejipanga kwenye mnyororo: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji, kiwanda. Mahitaji ya mteja yanapanda mara moja tu, kutoka katoni 4 kwa wiki kwenda 8, alafu yanabaki hapohapo mpaka mchezo unaisha. Ila kwa sababu oda na mizigo vinachelewa wiki kadhaa njiani, kila mmoja anaagiza akidhani hajapata, anaongeza tena, baadaye mzigo wote unamwagika kwa pamoja. Stoo zinakauka kisha zinafurika, wachezaji wanalaumiana, na wengi wanaapa kwamba mteja alikuwa kigeugeu. Mteja alibadilika mara moja tu! Vurugu yote iliyobaki waliitengeneza wao, kwa kuchelewa.

Kwahiyo kabla hamjalaumu soko au serikali, pimeni kwanza vurugu mnayojizalishia ndani.

Mkishapata tarehe choreni mizunguko, yani jinsi jambo moja linavyosukuma lingine mpaka linarudi lilipoanzia. Aina ni mbili tu. Kuna mzunguko unaokuza: wafanyakazi wanaondoka, waliobaki wanabeba kazi zaidi, wanachoka, nao wanaondoka. Na kuna unaotuliza: foleni ikizidi mnaongeza mtu dirishani, foleni inapungua. Kila mshale uandike siku ngapi unachukua. Mzunguko wa kukuza unaokwenda haraka huku wa kutuliza unakwenda polepole, hapo ndipo mtapasuka, pawekeeni alama nyekundu.

Angalizo: zoezi hili likigeuka la kumtafuta mkosaji limekwisha. Yule wa masjala hakuwa mzembe, alikuwa anapunguza safari za ngazi.

Mmefaulu kama: mna sehemu mbili au tatu zenye alama nyekundu, kila moja na idadi ya siku pembeni. Mkipata kumi mmechora kwa mapana mno, punguzeni.

## Hatua ya 4: Andikeni sheria chache ambazo mtu anaweza kuzitumia peke yake usiku

Mwaka 1986 Craig Reynolds, mtaalamu wa picha za kompyuta, alitengeneza ndege wa kompyuta wanaoruka kundi zima kama ndege wa kweli, wanagawanyika na kuungana tena. Hakuna ndege kiongozi. Kila ndege ana sheria tatu: usimgonge jirani, elekea wanakoelekea walio karibu yako, usiachane na kundi. Basi.

Nyie pia mnataka sheria 3 mpaka 5 kwa kazi za fungu la tata. Sheria nzuri inaonesha mpaka alafu inamwachia mtu uwanja. Linganisha:

Mbaya: "Tutoe huduma bora kwa kuzingatia weledi." Hii haimwambii mtu afanye nini.

Mbaya pia: kurasa 40 za taratibu zinazotaka saini tatu.

Nzuri: "Lalamiko linamalizwa na aliyelipokea. Kama linahitaji hela zaidi ya kiwango hiki, au linagusa usalama wa mtu, mpigie msimamizi saa hiyohiyo."

Nzuri: "Ukibadilisha kitu kinachomgusa mwenzako, mwambie kabla ya zamu yake kuanza."

Zingatieni kwamba katika zile tatu za ndege, zote zinahusu jirani. Hakuna ndege anayesubiri taarifa kutoka juu. Sheria yenu ikihitaji mtu ajue kinachoendelea makao makuu ndio aitumie, haifai.

Namna ya kuipima: mpe mtu wa ngazi ya chini kabisa kisa cha kweli, mwambie ni saa nane usiku na simu ya bosi imezimwa. Akiweza kuamua, sheria imepita. Akikwambia "ningesubiri asubuhi", andikeni upya.

Angalizo: kila sheria mpya inayoingia, moja ya zamani itoke, tena kwa kutangazwa. Mkiongeza tu juu ya zile za mwanzo watu watafuata zile wanazoziogopa.

Mmefaulu kama: watu watatu kutoka vitengo tofauti wanaweza kuzitaja bila kusoma.

## Hatua ya 5: Fanyeni majaribio madogo mengi, yanayoweza kufa bila kuwaua

Hapa ndipo wengi mnapokwama. Mnaniambia "tulijaribu haikufanya kazi", nikiuliza mlijaribu vingapi mnasema kimoja, nikiuliza kwa muda gani mnasema miezi nane, nikiuliza nani alikuwa na ruhusa ya kukifunga, kimya. Hilo sio jaribio ndugu zangu, huo ni mradi uliopewa jina la jaribio.

Jaribio lina kadi, na kadi ina mistari sita. Hii hapa imejazwa:

Tunadhani: wateja wanaondoka kwa sababu majibu yanachelewa, sio kwa sababu ya bei.
Tutafanya: wahudumu wawili wa zamu ya asubuhi wamalize malalamiko wenyewe bila kupeleka kwa msimamizi.
Dalili njema: anayelalamika anarudi kununua, na lalamiko lilelile halirudi mara ya pili.
Dalili mbaya: tatizo moja linapewa majibu tofauti zaidi ya mara 3 kwa wiki.
Namna ya kuzima: msimamizi anatangaza kikao cha asubuhi, utaratibu wa zamani unarudi siku hiyohiyo.
Mwisho: siku 14.

Mstari wa tano ndio watu wanausahau kila mara. Kama hamjui mtalizimaje msilianzishe. Na mstari wa nne uandikwe kabla ya kuanza, kwa sababu ukishaanza utalipenda jaribio lako na kila dalili mbaya utaipatia maelezo mazuri.

Endesheni matatu mpaka matano kwa wakati mmoja, na angalau mawili yapingane. Moja linadhani shida ni kasi, lingine linadhani shida ni bei. Sababu yake ni ile hesabu ya kalkuleta, hamjui mmeanzia 0.4 au 0.401, kwahiyo kuweka nguvu zote kwenye dhana moja ni kucheza kamari. Ila majaribio mawili yasiguse wateja walewale kwa wakati mmoja, mkifanya hivyo hamtajua lipi limeleta nini.

Linalofanya kazi liongezeeni kidogo kidogo: zamu moja, kisha mbili, kisha tawi zima. Kitu kilichofanya kazi kwa watu wawili kinaweza kugeuka kabisa kwa watu hamsini, maana watu hamsini wanaanza kuangaliana na kuigana. Kila mkikuza rudini kwenye dalili mbaya mziandike upya.

Linaloshindwa lifungeni mbele za watu, bosi mwenyewe amshukuru aliyelifunga. Hapo ndipo ile ruhusa ya maandishi inafanya kazi. Jaribio la kwanza likifungwa na aliyelifunga akatengwa hata kidogo tu, hata kwa kutoalikwa kikao kinachofuata, hamtapata tena ukweli pale. Watu watakuwa wanawaletea majaribio ambayo tayari wanajua yatafaulu.

Mmefaulu kama: baada ya wiki 4 angalau moja limefungwa. Mkiwa na matano na yote yamefaulu, mmejaribu vitu mlivyokuwa mnavijua.

## Hatua ya 6: Kikao cha dakika 10 cha ishara ndogo

Kila siku au kila zamu, mkiwa mmesimama, swali moja tu: "Umeona nini leo ambacho sio kawaida?" Hamjadili, hamtatui, mnaandika tu. Kitu kikitajwa na watu wawili kutoka sehemu tofauti, mtu mmoja anapewa kukifuatilia siku hiyohiyo.

Machi 2000 radi ilisababisha moto kwenye kiwanda cha Philips kule Albuquerque, Marekani, kilichokuwa kinatengeneza chipu za simu. Ulizimwa kwa dakika kama 10. Wateja wakaambiwa mtacheleweshewa kama wiki moja hivi. Nokia waliichukua taarifa ile kama ishara, wakaanza kufuatilia kila siku, na ilipojulikana uharibifu ni mkubwa tayari walikuwa wanatafuta chipu kwingine. Ericsson, kampuni nyingine ya simu, walipata taarifa ileile lakini ikachelewa kupanda ngazi, na walipoamka chipu za kutosha hazikuwepo tena sokoni. Walipoteza mauzo ya kama dola milioni 400. Moto mmoja, taarifa moja, kilichotofautiana ni mwendo wa taarifa ndani ya nyumba.

Angalizo: anayeleta ishara asiulizwe ushahidi siku ya kwanza. Ishara ikishakuwa na ushahidi kamili inakuwa imeshachelewa.

Mmefaulu kama: wale wakimya, wa mlangoni na wa stoo, wanaanza kuongea kabla ya mameneja.

## Hatua ya 7: Acheni nafasi

Hii fupi ila inauma, kwa sababu wakati mgumu kila mtu anataka kubana mpaka tone la mwisho. Ross Ashby, mtaalamu wa sayansi ya udhibiti wa mifumo, alilieleza mwaka 1956: anayedhibiti lazima awe na namna nyingi za kujibu kama zilivyo nyingi namna za kusumbuliwa. Ukibakiza mtu mmoja anayejua mfumo wa malipo, msambazaji mmoja, njia moja ya kuwasiliana, una jibu moja kwa maswali mia.

Angalieni Japani tarehe 1 Februari 1997. Moto uliunguza kiwanda cha Aisin Seiki kule Kariya, ambacho kilitengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani walizotumia Toyota. Akiba ilikuwa ndogo mno, viwanda vya Toyota vikasimama. Aisin wakagawa michoro kwa yeyote aliyeweza kusaidia, na makampuni zaidi ya 60 yakaanza kutengeneza vali, yakiwemo yasiyohusika na magari kabisa, hata Brother wa cherehani. Vali za kwanza zilifika ndani ya siku chache, na baada ya kama wiki moja uzalishaji ulikuwa umerudi karibu kawaida. Kumtegemea mmoja kuliwaangusha, na mtandao wa watu waliozoea kufanya kazi pamoja na kuaminiana ukawainua.

Fanyeni mambo matatu. Kila kazi muhimu iwe na watu wawili wanaoijua, na wabadilishane kweli, sio kwenye karatasi. Kila kitu msichoweza kuishi bila hicho kiwe na chanzo cha pili ambacho mmeshakitumia angalau mara moja. Na kila mtu awe na saa kadhaa kwa wiki ambazo hazijapangiwa kitu, maana bila hizo hatua ya 5 inafanywa na nani?

Mmefaulu kama: mtu yeyote mmoja, pamoja na bosi, anaweza kukosekana wiki mbili na kazi ikaenda.

## Hatua ya 8: Fungu la moto likiwaka

Hapa sahau majaribio. Mtu mmoja anaamua, anatajwa jina mbele ya wote. Anazuia kwanza madhara yasienee: anafunga mtambo, anasimamisha malipo, anatoa watu nje. Kila saa anawaambia watu mambo matatu tu: tunajua nini, hatujui nini, taarifa inayofuata ni saa ngapi. Hakuna kutafuta chanzo mpaka damu imesimama.

Ila amri hii iwe na mwisho wake uliotajwa, saa 48 mathalani, alafu inaombwa upya kama bado inahitajika. Nimeona taasisi iliyokaa kwenye amri ya dharura mwaka mzima kwa sababu viongozi walizoea kutobishiwa, na watu wote wenye akili ya kujaribu vitu wakaondoka mmoja mmoja.

## Hatua ya 9: Pangeni kwa macho ya mbali tofauti

Mpango bado upo. Wiki 2 zijazo pangeni kwa kina, nani anafanya nini lini. Miezi 3 andikeni mwelekeo na majaribio. Zaidi ya hapo andikeni tu mnakotaka kufika na vitu ambavyo hamtavifanya hata mambo yaharibike vipi. Mfadhili au bodi wakitaka jedwali la miaka mitano wapeni, ila msiliendeshe gari kwa kuliangalia lile.

## Mkikwama

*Bosi hataki kutoa ruhusa ya maandishi.* Anzeni na hatua ya 3 peke yake, mpelekeeni tarehe za jambo moja. Siku 19 kwa dakika 20 ilifungua milango ambayo hoja zangu zote zilishindwa kufungua.

*Watu wamechoka na mabadiliko.* Basi jaribio la kwanza liwe la kuondoa kitu: ripoti moja, saini moja, kikao kimoja, kwa siku 14. Angalieni kama kuna aliyekikumbuka.

*Majaribio yamekuwa mengi hatujui yako wapi.* Kadi zote ziwe kwenye ukuta mmoja unaopitwa na kila mtu. Isiyokuwa ukutani haipo.

*Wiki 12 zimeisha, sasa nini?* Rudieni hatua ya 2 kwa karatasi mpya kabisa, bila kuangalia zile za mwanzo mpaka mmalize. Ndipo mziweke mbili pamoja. Kuna kazi zitakuwa zimehama fungu, na kila iliyohama muulizeni anayeifanya: ilihama wiki gani, na sisi tulijua lini? Hiyo tofauti ya siku iandikeni pembeni ya karatasi, kwa kalamu nene. Ndiyo namba mtakayoishusha kwenye wiki 12 zinazofuata.